Albrecht von Rechenberg na Mageuzi ya 1906–1911: Maisha ya Mwanadiplomasia Yakitazamwa kutoka Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Magavana wa Kijerumani walioitawala Afrika Mashariki tangu mwaka 1891 walikuwa saba. Wawili kati yao hutajwa mara kwa mara katika vitabu vyetu: Gustav Adolf von Götzen, kwa kuwa Vita vya Maji Maji vilizuka katika utawala wake, na Heinrich Schnee, kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta madarakani. Baina ya wawili hao alikuwapo mtu ambaye wanahistoria wanamjua sana, ila wanafunzi wa taaluma nyingine aghalabu humpita bila kumtupia jicho. Huyo ni Baron Albrecht von Rechenberg, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1906 na kuondoka mwaka 1911.

Tangu John Iliffe alipochapisha utafiti wake kuhusu Tanganyika chini ya Wajerumani mwaka 1969, Rechenberg ameingia katika historia kama gavana wa mageuzi, yaani mtu aliyejaribu kuondoa sera ya mabavu na kuweka sera ya uchumi wa mkulima mdogo. Makala haya hayakusudii kuipindua hoja hiyo. Yanakusudia kuiongezea mambo mawili. Kwanza, tunamtazama Rechenberg kama mwanadiplomasia kabla ya kumtazama kama gavana, kwa sababu sehemu kubwa ya maarifa yake ya utawala aliipata akiwa konseli katika miji ambamo mataifa mengi yaliishi chini ya dola moja. Pili, tunayatazama mageuzi yake tukiwa tumesimama kwenye tambarare ya Kyela, katika vijiji kama Talatala, karibu na mahali ambapo Mto Songwe huingia Ziwa Nyasa. Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi. Kwa maoni yetu, upungufu wa sera ile huonekana wazi zaidi huku ilikokoma kuliko kule ilikoanzia.

2.0 Tanga, Zanzibar na Warsaw

Rechenberg alizaliwa Madrid mwaka 1861. Alisomea sheria, akaingia katika utumishi wa mambo ya nje wa dola ya Ujerumani, na mapema katika miaka ya 1890 akaletwa Afrika Mashariki kama hakimu huko Tanga. Hapo ndipo alipokutana na Kiswahili kikiwa lugha ya barazani, ya mahakamani na ya sokoni. Alijifunza lugha hiyo vizuri, na akajifunza Kiarabu pia. Inafaa kulitaja jambo hili mapema, kwa kuwa magavana wanne waliomtangulia kwa mfululizo, yaani Schele, Wissmann, Liebert na Götzen, walikuwa maofisa wa jeshi, na ujuzi wao wa nchi ulitokana zaidi na misafara na vita. Rechenberg aliijua nchi kwa njia ya kesi: madai ya deni, migogoro ya mirathi, mashamba yaliyowekwa rehani, mikataba baina ya Mhindi mwenye duka na Mwarabu mwenye minazi. Mtu anayeanza utawala wake kwa kusikiliza madai ya namna hiyo huona mapema kwamba nchi ina uchumi wake kabla ya Mzungu kuja na uchumi wake.

Kutoka Tanga alihamishiwa ubalozi mdogo wa Ujerumani Zanzibar. Zanzibar ya miaka hiyo ilikuwa nchi ya Sultani kwa jina na ya Waingereza kwa nguvu. Mwezi Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alikitwaa kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zikapiga kasri, na Khalid akakimbilia katika ubalozi wa Ujerumani. Wajerumani hawakumtoa. Mwezi Oktoba walimpitisha baharini hadi Dar es Salaam bila kukanyaga ardhi ya Waingereza, na kwa hiyo hakuna upande uliolazimika kukiri kwamba umeshindwa. Tukio hilo lilikuwa somo zuri la diplomasia ya pwani: dola mbili za Ulaya zinazoshindana zinaweza kuishi pamoja ikiwa kila moja itaachiwa heshima yake.

Baada ya hapo Rechenberg alitumwa katika dola ya Urusi, kwanza Moscow, na hatimaye Warsaw akiwa konseli mkuu. Msomaji atatuwia radhi tukikaa kidogo katika mji huo. Warsaw ya mwaka 1905 ilikuwa mji wa Wapolandi uliotawaliwa na Warusi, wenye Wayahudi wengi na Wajerumani wengi, na kila kundi likiwa na lugha yake, magazeti yake na manung'uniko yake. Mwezi Januari wa mwaka huo migomo ilienea kutoka St. Petersburg hadi Poland. Wanafunzi waligoma kusomeshwa kwa Kirusi wakidai Kipolandi. Serikali ya Tsar ilijibu kwa risasi na sheria ya kijeshi, na papo hapo ikajibu kwa kulegeza: iliruhusu shule za binafsi zifundishe kwa Kipolandi, na mwezi Oktoba Tsar akaahidi bunge.

Hatuna haja ya kudai kwamba Rechenberg aliyabeba mawazo ya Warsaw katika sanduku lake hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, upo ukweli usioweza kupuuzwa. Mnamo miezi ile ile ambayo Wamatumbi walikuwa wanang'oa pamba ya serikali, gavana wao wa baadaye alikuwa katika mji ulioasi, akiona jinsi dola kubwa inavyoweza kuwanyamazisha raia zake kwa bunduki huku ikishindwa kuwapata. Ikumbukwe pia kwamba dola yake mwenyewe ilikuwa na Wapolandi wake. Katika jimbo la Poznan watoto wa Kipolandi waligoma mwaka 1906 kusali na kusoma dini kwa Kijerumani, na chama cha Wakatoliki cha Zentrum, ambacho Rechenberg alikuja kukitumikia, kilikuwa mara nyingi upande wa Wapolandi hao bungeni.

3.0 Hesabu ya Vita

Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905 katika milima ya Matumbi na kuenea kusini yote hadi Ungoni. Idadi ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya askari kuchoma vyakula, ilikadiriwa na Wajerumani kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, ambaye utafiti wake katika miaka ya 1960 ulitegemea simulizi za wazee, aliikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Rechenberg aliipokea nchi ikiwa katika hali hiyo.

Götzen alieleza uasi huo kwa kutaja uchawi, waganga na hila za machifu. Maelezo hayo yalimfaa, kwa kuwa yaliifanya serikali yake isiwe na lawama. Rechenberg aliyakataa. Aliona kwamba chanzo kilikuwa cha kiuchumi: mashamba ya pamba ya pamoja ambayo watu walilazimishwa kuyalima kwa malipo yasiyofaa hata kuhesabiwa, kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu tangu mwaka 1905, na ukali wa maakida na majumbe waliotumwa kuyasimamia hayo yote. Tofauti ya maelezo hayo mawili si ndogo. Ikiwa chanzo ni uchawi, dawa ni jeshi. Ikiwa chanzo ni uchumi, dawa ni bei nzuri, njia ya kufikisha mazao sokoni na mtawala asiyeiba.

Hapa tunatofautiana kidogo na wale wanaomchora Rechenberg kama mtu wa huruma. Alikuwa mtu wa hesabu. Koloni lilikuwa linakula fedha za Berlin, na Bunge la Ujerumani lilikuwa limechoka. Mwezi Desemba 1906 bunge hilo lilivunjwa kwa sababu ya ugomvi juu ya gharama za vita vya Afrika ya Kusini-Magharibi. Kwa Rechenberg, mkulima Mwafrika aliyelima kwa hiari yake alikuwa rahisi kuliko askari, na faida yake ilikuwa ya uhakika kuliko ya mlowezi. Kwa maoni yetu haki iliyopatikana ilitokana na hesabu hiyo, na pale hesabu ilipotaka vinginevyo, haki nayo ilisimama.

4.0 Mageuzi na Reli

Mwaka 1906 idara ya makoloni Berlin ilikabidhiwa Bernhard Dernburg, mtu wa benki. Mwaka uliofuata idara hiyo ikawa wizara kamili naye akawa waziri wake, na katika mwaka huo huo wa 1907 alifunga safari ya kuja kuliona koloni. Alipanda reli ya Uganda kutoka Mombasa, akavuka Ziwa Victoria hadi Mwanza, kisha akaenda nchi kavu hadi Tabora. Aliporudi aliwaeleza wabunge, miongoni mwa mengine, jinsi alivyoshangazwa na Wazungu wa koloni waliotembea na viboko mikononi kana kwamba ni sehemu ya mavazi.

Safari hiyo ndiyo iliyompa Rechenberg ushindi wake mkubwa. Mwanza ilionyesha kwa vitendo jambo ambalo gavana alikuwa akilieleza kwa maandishi. Tangu reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakulima wa kusini ya Ziwa Victoria walikuwa wakiuza ngozi, karanga na mazao mengine bila kulazimishwa na mtu. Reli ilitosha. Kwa hiyo Rechenberg alitaka reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, isukumwe mbele hadi Tabora ili iwafikie Wanyamwezi na Wasukuma, kabla ya fedha kutumika kwa ajili ya walowezi wachache wa kaskazini. Alikubaliwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Katika mambo mengine ushindi haukuwa kamili. Sheria za kazi za mwaka 1909 ziliweka masharti ya mikataba na uandikishaji wa vibarua. Adhabu ya viboko iliwekewa mipaka lakini haikufutwa. Wahindi, ambao walowezi walitaka wazuiwe kuingia nchini, walilindwa na gavana kwa sababu mbili: bila wao biashara ya vijijini isingekuwapo, na wengi wao walikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, hivyo kuwabagua kungekuwa kuchokoza serikali jirani. Sababu hiyo ya pili ndiyo inayomwonyesha konseli wa zamani wa Zanzibar.

Yapo na yale yaliyobaki kama yalivyokuwa. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Mpango huo ulianza mwaka 1907, wakati Rechenberg akiwa gavana. Utumwa nao haukufutwa. Sheria ya mwaka 1904 iliwahesabu kuwa huru watoto waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905, na gavana wa mageuzi hakwenda mbele ya hapo. Kuwafidia mabwana kungeigharimu hazina.

5.0 Mwambao wa Ziwa

Safari ya Dernburg haikufika Ziwa Nyasa, na jambo hilo linatuleta Kyela.

Mwambao huu uliingia katika dola ya Ujerumani kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwa huo Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwa kufuata Mto Songwe. Wangonde wa Karonga wakawa upande mmoja na ndugu zao wa lugha na mila, Wanyakyusa, upande wa pili. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe na wale wa Berlin wakajenga karibu nao, na mnamo mwaka 1893 meli iliyopewa jina la Hermann von Wissmann iliteremshwa ziwani, baada ya kuletwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Serikali ilikaa kwanza Langenburg, kando ya ziwa, kisha ikapanda mlimani hadi Tukuyu, iliyoitwa Langenburg Mpya. Mwaka 1897 Wanyakyusa walipigana na Wajerumani wakashindwa. Kwa hiyo Maji Maji ilipozuka, huku ziwani kulikuwa kumekwisha kuonekana bunduki zinafanya nini, na wilaya haikuingia vitani.

Sasa tulitazame swali la soko, kwa kuwa ndilo lililokuwa moyo wa sera ya Rechenberg. Mkulima wa Talatala alikuwa na ardhi ambayo haikosi maji, ng'ombe, na mazao ya kutosha. Hakuwa na njia ya kuyafikisha kwa mnunuzi. Bahari ya Hindi ilikuwa mbali kwa miguu ya wapagazi. Njia iliyokuwa rahisi ni ile ya meli kuelekea kusini, kupitia maji ya Waingereza na mito ya Wareno hadi Chinde. Yaani mkazi wa kaskazini ya ziwa alikuwa raia wa dola moja na mteja wa nyingine mbili. Hali yake ilifanana na ya Msukuma aliyetegemea reli ya Uganda, ila kwa tofauti moja kubwa: huko Kisumu palikuwa na reli, na huku palikuwa na mto wenye maporomoko ambayo mizigo ilibidi ishushwe ili kuyapita.

Wazo la reli ya kusini lilikuwapo. Njia kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ilichunguzwa na faida zake kuandikiwa kitabu, kabla tu ya vita vya 1905. Lakini kusini palipotea katika hesabu mara mbili. Kwanza vita viliwaua au kuwatawanya watu ambao reli ingewahudumia, na pili fedha zote zilielekezwa Tabora. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kipimo cha gavana mwenyewe, kwa kuwa Unyamwezini kulikuwa na watu wengi na utamaduni mrefu wa biashara. Lakini matokeo yake huku yalikuwa kwamba sera iliyomtaka Mwafrika alime kwa faida yake ilimfikia mtu wa Kyela ikiwa nusu tu. Kodi ilimfikia, na soko halikumfikia. Mtu asiyekuwa na pa kuuza mazao aliipata rupia ya kodi kwa kuuza ng'ombe au kwa kuuza nguvu zake kwingine. Wale wanaosifu mageuzi ya Rechenberg bila kuuliza wilaya gani wameacha sehemu muhimu ya habari.

Suala la lugha lastahili aya yake, hasa katika jarida kama hili. Utawala wa Wajerumani uliendeshwa kwa Kiswahili: barua za wilaya, mafunzo ya makarani katika shule ya Tanga, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1904. Rechenberg aliurithi utaratibu huo, naye aliufaa kuliko gavana yeyote kwa kuwa aliimudu lugha. Huku ziwani mambo yalikuwa tofauti. Wamisionari wa Ipyana na Rungwe walihubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa, na wengi wa wamisionari wa Kiprotestanti wa wakati huo walikiona Kiswahili kuwa mlango wa Uislamu. Hivyo mtoto wa Talatala aliyekwenda shule alisoma kwa lugha ya mama yake, na barua ya serikali iliyohusu kodi ya baba yake iliandikwa kwa lugha nyingine. Ni kinyume cha Warsaw, ambako watu waligoma ili wasome kwa lugha yao. Hata hivyo asiyejua Kiswahili hakuweza kuwa karani wala kumjibu akida kwa maneno yake mwenyewe, na heshima ya lugha ya nyumbani ilikuwa na bei yake.

6.0 Kuondoka

Walowezi hawakumsamehe. Walikuwa wachache, kwani hata mwaka 1913 Wazungu wote wa koloni, pamoja na wamisionari na maofisa, walikuwa 5,336 tu kati ya wakazi zaidi ya milioni saba, lakini walikuwa na gazeti Dar es Salaam na marafiki Berlin. Walimwita rafiki wa Wahindi na adui wa Wajerumani. Hoja zilipokwisha, waligusia mambo ya faragha ya gavana na watumishi wake, na shutuma hizo zikafikishwa mahakamani mbele ya umma mzima. Makala haya hayatarudia yaliyosemwa. Inatosha kusema kwamba kesi hizo zilikuwa za kisiasa tangu mwanzo, na kwamba zilimchosha. Dernburg alijiuzulu mwaka 1910, na nafasi yake ikashikwa na Friedrich von Lindequist, aliyeupendelea ulowezi. Rechenberg akabaki bila mlinzi. Mwaka 1911 aliondoka, na mwaka 1912 Heinrich Schnee akachukua kiti.

Schnee alijaribu kuwaridhisha walowezi bila kuivunja kabisa kazi ya mtangulizi wake, kwa kuwa hesabu za Rechenberg zilikuwa zimeanza kuthibitika: mazao ya wakulima wadogo yalikuwa yanaongezeka kando ya reli. Rechenberg mwenyewe aliingia Bunge la Ujerumani kwa tiketi ya Zentrum. Alikuwa mbunge wakati meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia ile Hermann von Wissmann kwenye ufuko wa Liuli mwezi Agosti 1914, na wakati majeshi ya Waingereza yalipovuka Songwe mwezi Mei 1916 na kupanda hadi Tukuyu bila upinzani mkubwa.

Alifariki mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 73. Reli ya kutoka baharini hadi Ziwa Nyasa haikujengwa na Wajerumani, wala Waingereza waliowafuata hawakuijenga, na mizigo ya Kyela iliendelea kupanda mlima hadi Tukuyu.